Hatua Kumi na Moja

Mimi ni fundi wa mabomba, si bwana miti,
ila nusu ya mkate wangu hulipwa na mizizi.
Kwa hiyo Nélida Bordagaray aliponiita
nimchagulie shimo la mjakaranda
nilivuka Gualeguay yote kwa baiskeli,
koleo begani, kamba, na mfuko wa chokaa.

Mche ulikuwa ndani ya kopo la rangi,
mwembamba kama ufito wa mwavuli.
"Hapa," akasema, akigonga ukuta
chini ya dirisha la chumba cha kulala,
"ili Novemba nikifumbua macho nione zambarau."

Shibiri tatu toka ukutani!
Sikukataa. Mjane humkatalii
kabla hujamaliza chai yake chungu.
Nikampa ncha ya kamba, asimame pale mche ulipo,
nami nikamzunguka nikinyunyiza chokaa,
nikichora kivuli cha mti ambao bado haupo,
mti wa miaka thelathini ijayo.
Duara likagonga ukuta.
Nikaomba ruhusa, nikaingia ndani na chaki,
nikaliendeleza sakafuni,
likapita chini ya kabati,
likapita chini ya kitanda.

"Unaona," nikamwambia, "utalala nao."

Halafu nikasema mengi, labda kupita kiasi.
Kwamba bomba la udongo alilolilaza Eusebio
linapita papo hapo, viungo vyake vya lami vimechoka,
na mzizi haubishi hodi.
Kwamba tufani hutoka kusini-magharibi,
na tawi likikatika litaangukia vigae, si majani.
Kwamba kule mbele kuna nyaya za umeme,
na kaskazini usikuguse,
ndiko jua la Julai linakopitia kukausha shuka zako.
Nikamkumbusha Ferreyra na mti wake wa mpira:
baraza limebinuka, mlango wa jikoni haufungi,
na choo chake, Mungu amsaidie,
mimi ndiye ninayekijua.
Huo ufa tunaoambiwa tuuzibe mapema,
sisi huupanda wenyewe, mama,
tukaumwagilia maji,
tukaushangilia ukitoa ua.

Ikabaki kona ya banda la kuku la zamani.
Hatua kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili,
ya pili kwa hatua fupi, nikimwonea huruma.
Udongo mzuri, mweusi, umeshiba mbolea.
Lakini kutoka kitandani hauonekani,
ukuta wa bafu umeziba.

Alinyamaza hadi chai ikapoa.
"Eusebio aliugua miezi saba," akasema,
"akitazama plasta."

Sikuwa na chombo cha kupimia hilo.
Nilikunja kamba. Nilikuwa karibu kusema
haya, shibiri tatu, nitakuja kila mwaka kukata mizizi,
bure, ningesema bure,
aliponikatiza:
"Hicho kitanda kina magurudumu?"
"Hakina."
"Basi shika upande wa miguu."

Kilikuwa cha chuma, cha mama mkwe wake.
Tulikisukuma hadi chumba cha cherehani
kikilia kama ng'ombe anayepelekwa mnadani,
tukang'oa bawaba moja ili kipite mlangoni.
Kilipokuwa awali tulikuta sarafu isiyotumika tena,
vumbi, na ndara moja ya mwanamume.
Ndara aliiweka dirishani. Sikuuliza.

Tukapanda jioni, kabla ya mbu.
Aliukanyaga udongo kwa kisigino, taratibu,
akaenda ndani, akajilaza na viatu vyake,
akapaza sauti: "Kushoto kidogo!"
Nikachimba upya.

Alinilipa ada ya bomba, ingawa sikugusa bomba.
Chokaa ya uani ilifutwa na mvua ya Jumanne.
Ile chaki ya sakafuni bado ipo,
anaifagia kwa kuizunguka.